Karatasi ya Mlo wa Waziri

Katikati ya karatasi palikuwa peupe pe.

Charity alisimama mbele ya friji, koti la kazini bado mabegani, akaikagua ile karatasi kama mwalimu anayekagua daftari la mwanafunzi mwongo. Alikuwa ameichora mwenyewe kwa rula, Jumapili ya kwanza ya Septemba, safu sita: tarehe, saa, alichokula, kiasi, aliyempa, sahihi. Asubuhi ya kila siku: kikombe kimoja cha chakula kikavu, sahihi ya Charity. Jioni ya kila siku: kikombe kimoja, sahihi ya Charity. Hapo katikati, mahali pa wengine kuandika makosa yao, hapakuwa na hata nukta. Wiki nne nzima! Ungedhani nyumba yote imo kwenye mfungo.

Na asubuhi hiyo mizani ya daktari ilikuwa imesema mbwa ameongezeka gramu mia tatu.

"Baba Rita," aliita bila kugeuka. "Mbwa anayekula vikombe viwili kwa siku ananenepaje? Anakula hewa ya mtaa huu wa Great Barr?"

Mugambi, mumewe, alikuwa mezani na chai yake, sare ya udereva wa basi imefunguliwa kifungo cha juu. Alifikiri kidogo. "Labda ni manyoya. Baridi inakuja, anaotesha manyoya."

"Gramu mia tatu za manyoya!"

"Mimi naendesha basi, Mama Rita. Uzito wa manyoya sikusomea."

Chini ya meza mwenye manyoya alishusha pumzi kwa kishindo, kidevu juu ya kiatu cha Mugambi. Aliitwa Waziri. Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya chai ya maziwa, aliyeletwa nyumbani kwenye boksi mwaka ule watu walipofungiwa majumbani, ili binti yao Rita asiwe peke yake. Siku ya kwanza alitoka kwenye boksi tumbo likiwa limetangulia, akaketi katikati ya zulia, akangoja kuhudumiwa. Mugambi akasema, "Huyu si mbwa, huyu ni waziri." Jina likamkaa.

Mtu anayemjua Charity wa zamani angeshangaa. Kwao Nkubu, Meru, mbwa alikuwa wa nje. Alibweka usiku, alilala chini ya ghala, akala ukoko wa ugali ukibaki, na usipobaki alijua pa kwenda. Hakuna aliyemwuliza mbwa kama ameshiba. Charity alikuja Uingereza na mawazo hayo, akaishi nayo miaka kumi na miwili bila shida yoyote, kisha akaja Waziri, na mawazo yakayeyuka kama siagi kwenye kikaango. Sasa alikuwa amemnunulia koti la mvua.

Ajabu? Si sana, ukiitazama siku yake. Charity alikuwa kea. Tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa akizunguka na gari lake dogo nyumba hadi nyumba, akiwaogesha wazazi wa watu, akiwavalisha soksi, akiwalisha uji, akiandika. Kuandika ndiyo kazi yenyewe. Kazini kwao walikuwa na msemo ambao wasimamizi waliurudia kama sala: kisichoandikwa hakikufanyika. Akirudi nyumbani mgongo unauma, Rita yuko juu na simu yake, Mugambi yuko barabarani na basi lake. Aliyekuja mlangoni ni mmoja tu, mkia unapiga ukuta pu, pu, pu.

Lakini tangu Agosti hakuja tena. Alibaki chini ya meza akipiga mkia sakafuni, macho yakiomba radhi. Goti la nyuma la kushoto lilikuwa limekatika mshipa.

"Nitalishona," Daktari Inderpal, yule daktari wa mifugo, alikuwa amewaambia. Alikuwa kijana mpole, mwenye kilemba cha buluu na sauti ya mtu anayependa wanyama kuliko wenye wanyama. "Ila si kwa uzito huu. Ana kilo arobaini na nne. Nikimpa dawa ya usingizi akiwa hivi, naogopa moyo wake, na hata akiamka, goti halitabeba mzigo huu. Nileteeni thelathini na tisa. Na msichelewe. Sasa anaegemea mguu wa kulia. Huo nao ukikatika, mbwa wa ukubwa huu hatasimama tena, na hapo itabidi tuwe na mazungumzo mengine."

Mazungumzo mengine. Charity aliyajua maneno hayo. Alikuwa ameyasikia yakisemwa kwa upole katika nyumba nyingi, na kila yaliposemwa kuna mtu alitafuta kiti.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa ameona. Kila mwezi ushirika wa Wakenya ulipokutana nyumbani kwake, akina mama waliingia, wakamtazama mbwa, wakasema, "Ai, Waziri amenawiri!" na Charity alitabasamu kama mama mwenye mtoto mnene. Kwani kunawiri si sifa? Kwao mtu akikuambia umenawiri unasema asante, unamwongeza chai. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mbwa ananawiri hadi miguu inamshinda.

Ndipo ikatungwa sheria, na karatasi ikapanda kwenye friji. Atakayempa Waziri chochote, aandike na atie sahihi. Rita, kama watoto wengi waliozaliwa Birmingham, alisikiliza kwa Kiswahili na kukubali kwa Kiingereza. Mugambi aliapa mkono ukiwa juu. Hata ndugu zao wa ushirika waliambiwa, na mmoja wao, Barnabas, alipoanza kutetea makombo ya mezani kwa Maandiko, Charity alimkatiza: "Ndugu Barnabas, Maandiko hayo hayakuandikiwa mbwa mwenye goti."

Basi wiki nne zikapita. Gramu mia tatu. Juu, si chini.

"Mtu ananidanganya ndani ya nyumba hii," alisema Charity, na kwa hasira akakunja karatasi ile, kisha akaikunjua, akaibandika tena, maana hakuwa na nyingine.

*

Jumamosi iliyofuata alikuwa bustani ya nyuma akizoa majani, mkono mmoja reki, mkono mwingine simu yenye kengele ya kumkumbusha dawa za Waziri, ndipo alipoona kitu chini ya kichaka, kando ya ua wa mbao. Aliinama. Kipande cha chapati. Kimelowa, kimetafunwa upande mmoja.

"Ahaa," alisema polepole. "Nimekupata."

Ng'ambo ya ua ule aliishi Kulwinder. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, aliyestaafu kupika katika jikoni la shule, na kila jioni harufu ya mikate yake ilivuka ua bila kubisha hodi. Zaidi ya hayo, alikuwa na ufunguo. Kwa miaka mitano, kila adhuhuri, wakati Charity na Mugambi wako kazini na Rita yuko shuleni, Kulwinder alifungua mlango wao wa jikoni, akamtoa Waziri bustanini, akangoja, akamrudisha. Hakuwahi kukosa hata siku ile ya theluji.

Hayo yote Charity alikuwa anayajua. Lakini hasira ikishakaa kwenye kiti, wema husimama.

"Kulwinder! Kulwinder, toka kidogo!"

Kulwinder alitoka na taulo la jikoni begani. Charity alikiinua kile kipande juu ya ua kama askari anayeonyesha kisu kilichoua.

"Hii ni nini?"

Kulwinder alivaa miwani. "Chapati."

"Ya nani?"

"Unaniuliza mimi? Iko bustanini kwako."

"Imetoka kwako. Nani mwingine mtaa huu anapika kitu kama hiki?"

Kulwinder alisogea, akakitazama kile kipande kwa makini, kama mtu aliyepika maisha yake yote. "Charity, dada yangu, hii si yangu. Itazame vizuri. Hii ina tabaka, imekunjwa ikakunjuliwa. Ina mafuta ndani. Yangu ni kavu na nyembamba. Tangu mume wangu augue moyo, sijatia tone la..."

"Sitaki mapishi, nataka ukweli!" Charity alisikia sauti yake ikipanda, akaiacha ipande. "Nimekupa ufunguo wa nyumba yangu, kumbe unaingia kumwua mbwa wangu kwa mikate!"

Upande wa barabara kuu magari yalinguruma kama kawaida. Kulwinder alivua miwani, akaikunja mkono mmoja, kisha wa pili. Akaingia ndani. Aliporudi aliuweka ufunguo juu ya ua, ule wenye kamba nyekundu ambayo Rita aliisuka akiwa darasa la tano.

"Adhuhuri mtamtoa wenyewe," alisema, akafunga mlango wake taratibu, na utaratibu ule ulikuwa mbaya kuliko kuubamiza.

Mugambi alikuwa ameona yote kupitia dirisha la jikoni. "Umemwomba radhi?"

"Radhi ya nini?"

"Sijui. Naona tu ufunguo umerudi."

"Wewe nyamaza, Baba Rita. Nikimaliza na yeye nakuja kwako."

Kisha kengele ya simu ikalia, akaenda kumpa Waziri dawa.

*

Ukiacha mbwa, aliyemchosha Charity kuliko wote wiki ile alikuwa Mzee Shantilal.

Mzee Shantilal aliishi Sparkbrook, nyumba ya tatu kutoka kona, umbali mfupi kutoka kwenye maduka ya Ladypool Road. Alizaliwa Kisumu, akauza vitambaa Kisumu, akafika Birmingham akiwa kijana mwenye sanduku moja, na sasa akiwa na miaka themanini na sita bado alisema Kiswahili chenye vumbi la dukani. Charity alipoanza kumhudumia alikuwa amemwamkia kwa Kiingereza. Mzee akamjibu, "Wewe mtu wa Meru, mimi nasikia kwa pua yako. Ongea Kiswahili bwana, tusichoshane." Tangu hapo walikuwa marafiki wa kugombana.

"Waziri wetu amejiuzulu kilo ngapi?" aliuliza Jumatatu, kabla Charity hajavua viatu.

"Ameongeza, mzee. Usinikumbushe. Na wewe pia umeongeza."

"Mimi? Mimi mfupa mtupu."

"Sukari, mzee, sukari! Muuguzi alikupima Ijumaa, imepanda. Ananiuliza mimi. Nimemwonyesha karatasi yako ya chakula: uji bila sukari, dengu, mboga, roti moja, ile chapati kavu. Safi kabisa. Sasa niambie, unakula nini nisichokijua?"

"Nakula unachoandika."

"Na nisichoandika?"

"Usichoandika si hakikufanyika?" Mzee alicheka hadi akakohoa. Msemo ule alikuwa amejifunza kwake.

Charity alisaga meno, akatoa vidonge vya asubuhi kwenye kisanduku chake, saba, akamwekea mkononi pamoja na glasi ya maji. Kisha akageuka kuandika kwenye karatasi ya dawa, maana kazini kwao dawa ina karatasi yake na chakula kina karatasi yake, na mbili hizo hazichanganywi kamwe. Akasikia mlio mdogo. Kijiko kikigonga kioo. Akageuka ghafla.

Mzee alikuwa ametoa chupa nyuma ya mto wa kiti chake. Achari ya embe, ile tamu, nzito kama gundi. Kidonge kimoja, kijiko kimoja. Kidonge cha pili, kijiko cha pili.

"Mzee Shantilal!"

"Nini?"

"Hiyo ni nini?"

"Hii si chakula. Hii ni ya kusukumia dawa."

"Imejaa sukari!"

"Lakini inaenda na dawa. Ni upande wa dawa." Alisema kwa utulivu wa mtu aliyelipima jambo hilo zamani akalimaliza. "Tangu mama yangu, dawa chungu inaenda na kitu tamu. Haihesabiwi."

Basi Charity alilipuka. Wiki nzima ilitoka pamoja: mizani, karatasi nyeupe, ufunguo juu ya ua. "Vidonge saba, vijiko saba, asubuhi na jioni, halafu haihesabiwi! Mzee, koo haliulizi kama hiki ni cha dawa au ni cha harusi. Kikishapita kooni kimeliwa! Kijiko ni kijiko! Hivi ninyi nyote mmenionaje?"

Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kijiko kikiwa hewani. Hakukasirika. Aliinamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayetazama punje.

"Haya. Nimekosa, mama. Andika." Akakiweka kijiko chini. "Na yule mbwa si yuko na dawa ya goti?"

"Yuko nayo."

"Anameza yenyewe, kavu?"

"Nani, Waziri? Anaitema. Lazima umfungie kwenye kachapa-..."

Hakumaliza.

Mzee Shantilal akasema kwa upole wa kuudhi, "Nyani haoni nini, mama?"

*

Alirudi Great Barr bila kuwasha redio. Akaingia jikoni, akatoa kwenye friji lile bakuli la chapati alizopika kila Jumapili kwa ajili ya wiki, akachukua kisu na sahani kubwa. Waziri alisikia kifuniko kikifunguka, akajikokota kutoka chini ya meza kwa miguu mitatu, akakaa mbele yake mate yakimtoka. Alijua. Bila shaka alijua. Yeye na Charity walikuwa na ibada yao.

Asubuhi kidonge cha maumivu na kingine cha kulinda tumbo. Jioni kidonge cha maumivu na kile cha mafuta ya samaki. Vinne. Kila kimoja kilifungwa kwenye robo ya chapati. Lakini Waziri si mjinga: alikula chapati, akakihifadhi kidonge shavuni, akakitema mguuni pa Charity, akangoja. Basi robo ya pili. Na akishameza kweli, je, mgonjwa aliyemeza dawa chungu unamwacha hivihivi, bila hata pole? Robo ya tatu, ya pole. Siku nyingine alitoka nayo bustanini, akaila polepole, akaacha nyingine chini ya kichaka.

Charity alikata robo hizo moja moja, akazipanga sahanini kama zilivyokuwa zikienda kila siku, akizisogeza zikutane. Zilikuwa kumi na mbili. Zikajikusanya zikawa duara moja, duara la pili, duara la tatu. Chapati tatu nzima, tabaka tabaka, zimeng'aa mafuta. Kila siku. Tangu Agosti.

Alizitazama kwa muda mrefu. Angekuwa mwingine ndiye aliyefanya hivyo, angejua la kumwambia. Angepiga kelele mtaa mzima usikie. Sasa kelele zote zilikuwa ndani yake na hazikuwa na wa kuelekezewa.

"Na wewe," alimwambia Waziri hatimaye, "hukuona haya hata siku moja?"

Waziri alipiga mkia. Kwake yeye mla ni mla leo.

Charity alichukua kalamu. Akaanza na Jumapili ya kwanza ya Septemba, pale katikati peupe. Chapati tatu. Charity. Jumatatu, chapati tatu. Charity. Jumanne. Jumatano. Mugambi alipotoka zamu alimkuta bado anaandika, mkono umechoka, herufi zimeanza kulala. Alisoma kutoka juu hadi chini. Charity alingoja acheke, amalizie kabisa siku yake.

Hakucheka. Aliichukua kalamu, akaandika penye Jumanne: nusu yai. Mugambi. Akasita. Akaandika pia penye Ijumaa.

"Ijumaa pia?"

"Kila Ijumaa. Na kila Jumanne. Ninapoondoka alfajiri ananitazama, Mama Rita. Unamezaje yai zima unatazamwa hivyo?"

"Mbona hukuandika?"

"Niliogopa karatasi."

Rita alikuwa ameshuka kuchukua maji. Alisimama mlangoni akawatazama wazazi wake mbele ya friji kama watu waliofika kituo cha polisi. Kisha, bila neno, akaichukua kalamu mkononi mwa baba yake, akaandika siku sita za krispi, na ya saba akaandika pitsa.

"Pitsa!" Charity alishika kichwa.

"Mami, ni ukingo tu," alisema Rita, na safari hii alisema kwa Kiswahili, kwa sababu ilikuwa lazima.

Wakaisoma tena wote watatu. Sasa karatasi ilikuwa imejaa, hakuna nafasi ya hata sindano. Majina yote yalikuwepo. Jina moja tu halikuonekana popote.

*

Kwao huendi mlangoni kwa mtu mikono mitupu. Charity alikuwa ameshalishika bakuli la chapati, ameshafika kizingitini, ndipo akalitazama, akalirudisha mezani kwa kishindo. Akabandua karatasi. Akachukua ufunguo wenye kamba nyekundu. Mvua ilikuwa imeanza.

Kulwinder alifungua mlango nusu.

"Nimekuja," alisema Charity, akampa karatasi.

Kulwinder alivaa miwani. Alisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kama anayepokea mizigo ya jikoni la shule. Alifika mwisho. Akaanza tena juu.

"Natafuta jina langu," alisema. "Silioni."

"Halipo."

"Nilikuambia ina tabaka."

"Uliniambia."

"Nilikuambia ina mafuta."

"Kulwinder, nimekukosea. Nimekukosea sana. Miaka mitano umemtoa mbwa wangu, na mimi nikakupigia kelele kama mwizi. Nisamehe, dada."

Kulwinder alirudi tena juu ya karatasi, akaisoma mara ya tatu. Kuna radhi ambazo haziwezi kupokelewa kwa mkupuo mmoja. Maji yalikuwa yanamtiririka Charity shingoni. Hatimaye Kulwinder alisema, "Mkono wako ni mzito wa mafuta, Charity. Hata kwa watu, si kwa mbwa tu. Ingia, unalowa."

Ufunguo ulibaki mkononi mwa Charity hadi chai ilipokwisha. Ndipo Kulwinder alipounyosha mkono na kuuchukua, kama mtu anayechukua kitu chake alichosahau.

"Na dawa nitampaje sasa?" aliuliza Charity. "Anaitema."

"Baba yangu alikuwa na nyati wa maziwa. Akiugua, unafikiri tulimpikia chapati?" Kulwinder alisimama. "Twende."

Wawili hao walimfungua Waziri mdomo. Kulwinder alikiweka kidonge nyuma kabisa ya ulimi, akaufunga mdomo, akalisugua koo kwa kiganja kutoka juu kwenda chini. Kikaenda. Waziri alimtazama Charity, akatazama sahani tupu, akamtazama tena. Kisha akageuka kwa miguu mitatu, polepole, kwa heshima zote za cheo chake, akaketi akiuelekea ukuta.

Alikaa hivyo siku tisa. Charity akirudi kazini, mkia haupigi. Akimwita, sikio moja linasogea, basi. Ilimuuma kuliko mgongo. Mara mbili alifika hadi kwenye bakuli, akakishika kifuniko. Alimpigia Mzee Shantilal simu siku yake ya mapumziko kumlalamikia, na mzee, ambaye sasa alimeza vidonge kwa maji matupu na kwa chuki, alimwambia, "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nalia, mbwa nalia, wewe pia lia. Zamu sawa."

Na Waziri alilia kweli. Kila Jumapili mafuta yalipogusa kikaango, aliinua pua akatoa sauti nyembamba, ndefu, ya yatima. Hawakuweza kula. Mugambi alisukuma sahani yake: "Sasa mwenye kosa ni nani, mbwa au chapati? Mbona tunaadhibiwa sisi?" Ndipo Rita alipochukua funguo za gari, na familia ikahamia garini na chapati zake.

Kilo zilishuka kwa ubahili. Mwisho wa Oktoba, arobaini na tatu. Katikati ya Novemba, arobaini na moja na nusu. Wiki moja hazikushuka kabisa, na Charity aliwafokea wote hadi Rita akaapa kwa kila kitu anachokijua. Mguu wa kulia wa Waziri ulianza kutetemeka asubuhi. Kila siku Charity aliushika kabla hajavaa viatu, akauambia, "Ngoja. Ngoja kidogo tu."

Ijumaa ya pili ya Desemba, Daktari Inderpal alisoma mizani, akapangusa kioo chake kwa kidole, akasoma tena.

"Thelathini na nane na gramu mia tisa," alisema. "Jumatatu asubuhi nalishona goti. Jumapili ikifika saa kumi na mbili jioni, asitie kitu mdomoni. Kitu chochote." Akamtazama Charity. "Hata cha dawa."

"Nimesikia, daktari," alisema Charity. Nani alikuwa amemwambia?

Jumapili saa tisa alasiri walikuwa garini mbele ya nyumba, mvua ikipiga paa, vioo vimeingia ukungu. Mugambi nyuma ya usukani, Charity kando yake na bakuli mapajani, Rita nyuma. Mlango wa nyuma ukafunguka, Kulwinder akaingia na mwavuli na roti zake nne kwenye karatasi ya fedha, kavu, nyembamba.

"Sogea, binti. Nimesikia kuna hoteli huku."

"Karibu," alisema Mugambi. "Tumefukuzwa nyumbani na waziri."

Walikula. Hakuna aliyeitaja kesho. Kisha Rita akapangusa ukungu kwenye kioo cha upande wa nyumba, na hapo, nyuma ya dirisha la sebuleni, kati ya mapazia, palikuwa na pua. Alikuwa amejiinua kwenye kochi, kidevu juu ya kizingiti, anawatazama. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama tu.

Chapati ya Charity ilisimama nusu ya njia kwenda mdomoni.

"Usimtazame," alisema Mugambi.

"Simtazami."

"Mama Rita, unamtazama."

"Nimesema simtazami!"

Aligeuka kitini hadi mgongo ukalielekea dirisha, akakaza shingo, akatafuna. Chapati ile ilikuwa kavu kooni kama kidonge bila maji. Aliimaliza yote, hadi kipande cha mwisho.